Kurudi na Kutengua

Katika pembe ya juu ya kivinjari cha mtandao pana mshale mdogo ambao haukutajwa katika mkataba wowote baina ya mtengenezaji na mtumiaji, wala hapana mwalimu aliyetufundisha matumizi yake, na hata hivyo kila aliyewahi kuubonyeza anajua, au walau anadhani anajua, utamfanyia nini: utamrudisha alikotoka. Imani hiyo tumeishika bila ya kuichunguza. Katika makala haya nataka kuichunguza, kwa sababu chini yake yamelala maswali mawili ambayo mafundi wa kompyuta huyahesabu kuwa ya ufundi tu, ilhali mimi nayaona ni ya falsafa na ya dini: la kwanza, ni nani mwenye dhamana ya kutimiza taraja la mtu ambaye hakuahidiwa kitu kwa maneno, na la pili, iwapo kurudi mahali kwaweza kamwe kuwa sawa na kutengua jambo lililotendeka pale.

Tim Berners-Lee alipoandika pendekezo lake katika maabara ya CERN, Geneva, mwaka 1989, kusudi lake lilikuwa maarifa yafungamane kwa viungo, pasipo ule mpango wa kwanza na wa mwisho ambao kitabu hakiwezi kuuepuka. Kitabu kina ukurasa wa 40 kabla ya ukurasa wa 41, msomaji atake asitake. Mtandao hauna kabla wala baada, ila ile njia ambayo msomaji mwenyewe ameipita kwa hiari yake. Kwa hiyo anayerudi nyuma mtandaoni harudi katika maandishi ya mtu mwingine. Arudi katika nyayo zake mwenyewe. Aliyepotea katika vichochoro vya Lamu hufanya vivyo hivyo: hasimami kutafuta ramani, hurejea mpaka kwenye pembe ya mwisho aliyoitambua, kisha hujaribu kichochoro kingine, na ujasiri wake wote wa kuingia asikokujua hutokana na yakini kwamba pembe ile haitahama.

Mosaic, kivinjari kilichotungwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois na kutolewa mwaka 1993, kilikuwa na mshale huo, na haukuchukua muda kuzoeleka. Mwaka 1995 Lara Catledge na James Pitkow wa Georgia Tech walihesabu vitendo vya watumiaji, wakakuta kwamba takriban 4 katika kila 10 vya kusafiri baina ya kurasa vilifanywa kwa kurudi nyuma. Na mwaka 1997 Linda Tauscher na Saul Greenberg wa Chuo Kikuu cha Calgary walionyesha kuwa kurasa 58 katika kila 100 zinazofunguliwa mtu amekwisha kuziona kabla. Twajisifu kwamba mtandao ni bahari ya mambo mapya, kumbe sehemu kubwa ya safari zetu humo ni marejeo. (Mshale wenyewe hutazama kushoto kwa sababu wasomaji wa herufi za Kilatini huacha nyuma yao mkono wa kushoto, katika vivinjari vya Kiarabu hutazama kulia, na mababu zetu wa pwani, walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wangeliuona mshale wetu huu wa leo kuwa unakwenda mbele.)

Walakini taraja la mtumiaji na tabia ya mashine havikuwa kitu kimoja tangu mwanzo. Ukitoka ukurasa wa kwanza ukaenda wa pili, ukarudi wa kwanza, kisha ukaenda wa tatu, mshale hautakufikisha tena kwenye ule wa pili, ijapokuwa uliupita kweli na pengine uliusoma kwa makini. Kivinjari huukata kama tawi lisilohitajika, nacho hubaki na shina moja tu. Watafiti wa miaka ya 1990 waliwakuta hata watumiaji wa kila siku wakidhani kwamba kila walichokiona kimehifadhiwa kwa mpango wa saa na dakika, na wakishangaa kikikosekana. Hapa binadamu anakumbuka kwa wakati, na mashine inakumbuka kwa mahali. Wote wawili ni wakweli kwa namna yao, ila mmoja tu ndiye anayepata hasara.

Kanuni za HTTP za mwaka 1999, ambazo kwa miaka mingi zilitawala mazungumzo baina ya kivinjari na seva, zina kifungu kifupi kuhusu historia ya kurasa ambacho naona kingestahili kusomwa katika darasa la falsafa. Kifungu hicho kinatenga mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: akiba ya kurasa, ambayo wajibu wake ni kukuonyesha jambo lilivyo sasa, na historia, ambayo wajibu wake ni kukuonyesha kile ulichokiona wakati ule ulipokiona, hata ikiwa tangu hapo kimebadilika. Kwa maneno mengine, waandishi wa kanuni hizo waliamua kwamba anayerudi nyuma anaomba kumbukumbu, wala haombi habari mpya. Naona waliamua kwa hikima. Mtu aliyekuwa akitazama orodha ndefu ya vyumba vya kupanga, akafungua cha thelathini na kukikataa, hataki kurudishwa juu kabisa ya orodha, kwenye chumba cha kwanza. Anataka arudi pale pale kwenye cha thelathini, jicho lake lilipokuwa, na ukurasa umsubiri kama alivyouacha. Firefox, katika toleo lake la 1.5 lililotoka mwaka 2005, ilianza kuuweka ukurasa mzima katika kumbukumbu ya mashine kwa ajili ya marejeo hayo, na vivinjari vingine vina mpango wa namna hiyo.

Lakini kumbukumbu aminifu yaweza kugeuka kuwa hiana. Mtu ametazama salio lake la benki kwenye kompyuta ya umma, akajitoa katika akaunti kwa utaratibu wote, akaondoka na moyo mweupe. Anakuja mwingine, anabonyeza mshale, na mashine, kwa uaminifu ule ule tuliousifu, inamwonyesha fedha za mwenziwe. Hapo tunaona kwamba kukumbuka si jema kwa dhati yake. Hutegemea kumbukumbu ni ya nani na inatolewa mbele ya nani, na kuna mambo ambayo ni haki ya mtu yasahauliwe nyuma yake.

Nirudi kwenye swali la dhamana. Mwaka 1999 Jakob Nielsen, mchunguzi mashuhuri wa matumizi ya tovuti, aliorodhesha makosa kumi mapya ya wabunifu, na la kwanza lilikuwa hilo la kuvunja au kuchelewesha kazi ya mshale wa kurudi. Wakati huo ugonjwa ulikuwa wa madirisha mapya: unabofya kiungo, linafunguka dirisha jingine lisilo na historia, na mshale unakufa. Kisha, kuanzia mwaka 2005, ulipoenea ule mtindo wa Ajax ambao huleta habari mpya ndani ya ukurasa ule ule bila ya kuufungua upya, mtumiaji aliona kwa macho yake kwamba amepita hatua tano, na kivinjari kikaona hajaondoka alipo. Akibonyeza mshale kwa nia ya kurudi hatua moja, anatupwa nje ya tovuti kabisa. Baadaye vivinjari vikawapa watengenezaji uwezo wa kuandika wenyewe katika historia ya msafiri, ili dawa ya ugonjwa huo ipatikane. Dawa ikapatikana, na sumu pia, kwani walitokea watu walioutumia uwezo huo kupachika kurasa za uongo nyuma ya mgeni, hata kila abonyezapo kurudi ajikute pale pale, au aangukie tangazo ambalo hakupata kuliona maishani mwake.

Wa kwanza, aliyeuvunja mshale kwa kutojua au kwa haraka, namhesabu kuwa mzembe. Huyu wa pili ni mwizi, na alichoiba ni cha ajabu, maana ameiba historia ya mtu mwingine na kuweka yake mahali pake. Wapo watakaosema kwamba hakuna aliyeahidi kitu. Mwenye tovuti hakutia saini popote kwamba mshale utafanya kazi. Hoja hiyo ina sura ya insafu, lakini wanazuoni wa fikihi waliijibu zamani, kabla haujawashwa umeme hata mji mmoja. Miongoni mwa kanuni kuu tano ambazo Jalaluddin as-Suyuti, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki Misri mwaka 1505, alizijengea kitabu chake cha kanuni za sheria, mojawapo ni kwamba ada huwa hakimu. Na Majalla, sheria ya Dola ya Uthmaniya iliyokusanywa kati ya mwaka 1869 na 1876, ilikwenda hatua mbele kwa kulifanya jambo linalojulikana kwa desturi kuwa na nguvu sawa na sharti lililotamkwa. Ukimkodi mtu akushonee kanzu, hukumtajia uzi, naye hawezi kukudai uzi baadaye ikiwa desturi ya mji ni kwamba fundi huja na uzi wake. Basi na aliyeweka tovuti yake ndani ya kivinjari chenye mshale, mbele ya watu ambao tangu mwaka 1993 wamezoea mshale ule kuwarudisha nyuma, amekwisha kulikubali sharti hilo, apende asipende. Taraja la watumiaji ni mkataba. Halikuandikwa kwa sababu halikuhitaji kuandikwa.

Kuna waliopinga wakisema kwamba ada nyingine ina madhara, na mfano wao ni mzuri. Kwa miaka mingi, katika vivinjari kadhaa, kitufe cha kufutia herufi kwenye kibao cha kompyuta kilitumika vilevile kurudi ukurasa wa nyuma. Mtu akidhani yumo ndani ya kisanduku cha maandishi, kumbe yu nje yake, hufuta herufi moja na kupoteza barua nzima. Mwaka 2016 kivinjari cha Chrome kiliiondoa desturi hiyo, wakalalamika walioizoea, na kampuni ikawatolea programu ndogo ya kuirejesha kwa anayeitaka. Nayo kanuni nyingine katika zile tano ni kwamba dharari huondolewa. Ada ni hakimu, naam, lakini ni hakimu anayeweza kukatiwa rufani.

Mtu na aketi nusu saa katika kibanda chochote cha huduma za intaneti katika miji yetu, ataliona jambo hili likiwatesa watu wasio na neno la kulieleza. Nilimsikia mzee mmoja, aliyeketi ubavuni mwa kijana aliyekuwa akimjazia maombi ya cheti cha kuzaliwa, akisoma kwa taabu maandishi ya kioo na kusema: “Mwanangu, jina la marehemu baba umeliandika kwa herufi moja ya ‘s’. Yeye alikuwa Hassan, ‘s’ mbili. Rudi nyuma kidogo ulitengeneze.” Kijana hakuugusa mshale. “Mzee wangu, nikirudi hapa fomu yote itafutika, tuanze moja.” “Yote? Hata picha?” “Hata picha, mzee. Na mtandao wenyewe leo unaona ulivyo.” Mzee akanyamaza, akatazama foleni iliyokuwa nyuma yake, akasema basi liache. Mtu huyo alimpunguza baba yake herufi ili asiwasumbue waliosimama, na ofisi iliyoitengeneza fomu ile haitajua kamwe kwamba kosa lililomo katika daftari lake lilionwa, likatajwa, likaachwa. Kijana naye hakuwa mvivu. Alikuwa amejifunza kwa hasara kwamba mshale wa hapo si wa kuaminiwa, na aliyekwisha kuumwa na nyoka, ung'ong'o humtisha.

Mashine yenyewe inajua, kwa namna yake, tofauti baina ya kutazama na kutenda. Ombi la kutazama ukurasa ni ombi salama: waweza kulirudia mara mia, wala dunia haibadiliki. Ombi la kupeleka fomu ni la namna nyingine, kwa kuwa huko kwenye seva kuna kitu kinachogeuka, oda inaandikwa, fedha zinahama; ndiyo sababu kivinjari, kila mtu anapotaka kuufungua upya ukurasa uliotokana na fomu, humzuia kwanza na kumuuliza iwapo kweli anataka kuipeleka mara ya pili. Onyo hilo watu hulichukia, nami nalipenda, kwani ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kompyuta husema wazi lile ambalo wanafalsafa wamelisema kwa vitabu vizima: kwamba mtu aweza kurudi mahali alipotendea jambo, na jambo lenyewe lisirudi naye. Mafundi stadi wamebuni njia ya kuliepuka, ya kumhamisha mtumiaji mara moja kutoka kwenye fomu hadi ukurasa wa stakabadhi, ili akirudi au akifungua upya asinunue mara mbili. Wanaistahili sifa. Lakini hata wao hawakutengua chochote. Wamezuia kosa la pili tu.

Karibu kidogo na kutengua ni lile jambo la barua pepe ambalo Google ilianza kulijaribu mwaka 2009, la kumpa mwandishi sekunde chache za kuirudisha barua aliyokwisha kuituma. Ukweli ni kwamba barua haijaondoka. Imezuiwa mlangoni kwa muda wa sekunde 5, au 30 ukitaka zaidi. Wanazuoni wa Shafi wana mfano wake katika biashara, ambao huitwa hiari ya kikao: muuzaji na mnunuzi, hata baada ya kukubaliana, kila mmoja ana ruhusa ya kuvunja mauzo maadamu hawajaachana mahali pale. Wakiachana, mlango umefungwa. Naona ni rehema kubwa iliyo ndani ya kipimo kidogo, na laiti kila fomu ingekuwa na kikao chake.

Na baada ya kuachana? Hapo ndipo taraja la watu linapopita mpaka wa mshale. Tumezoeshwa kurudi kwa urahisi kiasi kwamba tunaanza kudhani kila jambo lina njia ya nyuma, na likikosekana tunailaumu mashine. Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, katika kitabu cha toba kinachofungua robo ya nne ya Ihya yake, alieleza kwamba toba hufungamana na mambo matatu yanayofuatana, yaani elimu ya kujua madhara ya dhambi, hali ya majuto moyoni, na kitendo kinachoihusu leo, kesho na jana. Na kuhusu jana, wanazuoni wamesema bila ya kutofautiana kwamba dhambi iliyogusa haki ya mja haifutiki kwa majuto peke yake, mpaka haki irudishwe au mwenyewe asamehe. Hannah Arendt, mwanafalsafa aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliyafikia karibu hayo hayo kwa njia isiyo ya dini katika kitabu chake cha mwaka 1958, The Human Condition: kitendo cha binadamu hakirudishiki, na dawa pekee ya kutorudishika huko ni msamaha, kama vile dawa ya kutojua kesho ni ahadi. Wote wawili wanauondoa uwezo wa kutengua mikononi mwa mtendaji na kuuweka mikononi mwa aliyetendewa. Hakuna mshale wa mtendaji. Uko wa jirani yake tu, naye aweza kuubonyeza au kuuacha.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelijua jambo hili kwa simu kabla ya kulijua kwa kompyuta, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Katika menyu nyingi za namba zinazoanza na nyota, tarakimu 0 hukurudisha hatua moja nyuma: umekosea namba, unarudi; umekosea kiasi, unarudi; mpaka hapo uwanja wote ni wako na hakuna mtu mwingine anayehusika. Ukiisha kuandika namba ya siri na kuthibitisha, 0 haina tena kazi. Kwa hiyo nawaomba watengenezaji mambo mawili: hatua zote zilizo kabla ya uthibitisho zirudike bila ya kumpotezea mtu alichoandika, na uthibitisho wenyewe uonyeshe jina la mpokeaji kwa herufi kubwa, na usifanane hata kidogo na kitufe cha kuendelea. Nawe msomaji, soma jina lile kabla ya kubonyeza. Fedha zikiisha kwenda kwa mtu usiyemkusudia, kampuni yaweza kuzizuia ukiiarifu mapema na zikiwa bado zimo katika akaunti yake. Akiwa amekwisha kuzitoa kwa wakala, huna budi umpigie simu, umsalimie, ujitambulishe, umweleze ilivyokuwa, kisha umwombe.